Nilivyombwaga Holger

Juzi nilishuka kwenye chumba cha chini cha jengo moja pale Sundbyberg kupima sakafu ya bafu. Kazi yangu ni vigae. Nilianza kwa kubeba ndoo za watu, leo nina magari yangu na vijana wa kuyaendesha, lakini kupima napima mwenyewe, simwachii mtu. Nikafungua mlango ambao haukuwa wa bafu, na harufu ikanipiga usoni: jasho la miguu, pamba nzito iliyolowa na kukaukia mwilini, mikeka ya plastiki iliyofutwa kwa dawa. Nikasimama pale na futi yangu mkononi. Kijana wangu akaniuliza kwa Kiswidi kama naumwa. Nikamwambia aniache.

Siumwi. Nilikuwa na hasira tu, tena hasira tamu, ya mtoto wa miaka tisa.

Ninyi wa rika langu mliokulia huku, zama zile Waswahili wote wa Stockholm tulijuana kwa majina na kwa koti, mtanielewa. Wanangu hawanielewi. Nikiwasimulia hunijibu kwa Kiswidi, "Pappa, achana nayo." Siachani nayo. Kwa hiyo nawaandikia ninyi. Shule nilisoma ile ya lazima, nikatoka mbio, msitegemee maandishi ya profesa.

Tulihamia Akalla, pembezoni mwa Stockholm, majengo yakiwa bado yananuka saruji. Baba alikuwa ameletwa kujifunza kuchomelea vyuma, akamaliza, akapata kazi, ndipo akatuita mimi na mama kutoka Tanga. Chini ya jengo letu kulikuwa na chumba cha kufulia, tvättstuga, na mnajua wenyewe kwamba Mswidi atakusamehe mengi lakini si zamu ya tvättstuga. Ukutani pana ubao, na kila nyumba ina kikufuli chake chenye namba. Unakichomeka kwenye siku na saa unayotaka, basi saa hizo mashine ni zako kama umezinunua. Zikiisha ni za mwingine.

Mama alikichukulia chumba kile kama zawadi. Kwetu alizoea beseni, mgongo umepinda tangu asubuhi. Huku anabonyeza kitufe, anavuta kiti, anaangalia kanga zake zikizunguka nyuma ya kioo. Alinikalisha pembeni yake. "Ile ya bibi yako ndiyo hiyo inapita. Ikirudi niambie." Mimi namwambia, hiyo imerudi, naye anacheka. Ndiyo ilikuwa televisheni yetu.

Sasa siku hiyo nguo zilikuwa kwenye kabati la kukaushia, bado zina unyevu, na saa ya mama imekwisha. Hakukuwa na mtu. Akaona aziache kidogo, apande juu kuepua wali, ashuke tena. Tuliposhuka, nguo zetu zilikuwa sakafuni. Zote. Pale karibu na tundu la maji machafu, kwenye saruji yenye kokoto ambazo watu huingia nazo kwenye soli wakati wa theluji. Juu ya lundo ilikuwa kanga ya bibi, ile aliyompa mama siku ya kuagana, na juu ya kanga alama ya kiatu, kisigino na soli, imekaa kama muhuri.

Mwenye kiatu alikuwa anajaza mashine nguo zake. Holger wa ghorofa ya kwanza. Mrefu, mkavu, masharubu rangi ya majani yaliyokauka. Alikuwa dereva wa treni ya chini ya ardhi, mtu aliyeishi kwa saa. Hakupiga kelele wala hakutukana. Alinyoosha kidole kwenye saa ya ukutani, akasema, "Muda wenu umekwisha," akaendelea kumimina sabuni.

Mama hakuwa na Kiswidi bado. Mimi nilikuwa na kile cha uwanjani, cha mpira na matusi, nacho hakikuwa na neno la pale. Mama akapiga magoti kwenye saruji akaanza kuokota. Soksi za baba. Nguo zake za ndani, mbele ya mwanamume asiyemjua. Kanga. Nikawa namwona kisogo. Mtoto hapaswi kumwona mama yake kutoka juu.

Baba aliporudi akaambiwa. Akatafuna, akameza.

"Labda hakuwa na mahali pa kuziweka."

"Kulikuwa na meza," mama akasema.

"Mama Rashidi, hapa ni kwa watu."

"Na mimi ni mtu."

Baba akaomba maji ya kunywa. Baba yangu alikuwa mwema, na siku ile wema wake niliuchukia.

Kuanzia hapo mama hakukanyaga tena tvättstuga. Alifua bafuni, kwa mikono, nguo za watu watatu, na baridi ilipokaza vidole vyake vikapasuka kwenye viungo. Alivipaka mafuta ya nazi yaliyotoka nyumbani, na yalipokwisha akapaka samli. Akinipakulia chakula nasikia samli ile kabla sijasikia mchuzi. Nikawa naapa kimoyomoyo, kila mlo. Nilitaka kitu kimoja tu duniani: Holger awe sakafuni, mama awe amesimama.

Ijumaa moja nimetoka shule nikamwona Holger anavuka uwanja na mfuko begani. Nikamfuata. Akaingia kwenye chumba cha chini cha jengo la jirani, lenye madirisha mafupi yaliyo sawa na ardhi. Nikalala kifudifudi kwenye theluji nikachungulia. Holger alikuwa amevaa nguo nyeupe na mkanda mweusi. Mbele yake watoto wamepiga magoti mstari mmoja, nao wamevaa nyeupe tupu. Ukutani kulikuwa na picha ya mzee wa Kijapani, kavaa vizuri, hana hata chembe ya tabasamu, na chini ya picha chupa ya maua. Wote kwa pamoja wakamwinamia yule mzee. Kisha wakasimama na kuanza kubwagana.

Maua chini ya picha nilikuwa nimeyaona mara moja tu, shuleni, mwalimu wa muziki alipogongwa na gari. Kwa hiyo nikajua pale pale: yule mzee ameuawa. Hawa ni watu wake. Wanakutana kila Ijumaa, wanamwinamia, wanaapa, halafu wanajifunza namna ya kumbwaga aliyemuua. Sikumwuliza mtu, maana ningemwuliza nini? Jambo lilikuwa wazi. Mimi nilikuwa nimejaa kisasi hadi shingoni, na nilipoona watu wanafanya kitu kwa bidii ile nikajua ni kisasi.

Baba aliniandikisha kwa furaha, akidhani nimepata marafiki. Kwa mama ilikuwa kazi.

"Anayewafundisha nani?"

"Mzungu mmoja."

"Mzungu gani?"

"Yule wa treni."

Mama akaacha kukamua shati. "Yule? Utakwenda kufundishwa na yule?"

"Nakwenda kumjifunza."

Akanitazama sana. "Anaitwa nani?"

"Holger."

"Holger nani? Humwiti bwana, humwiti mzee? Holger tu, kama unaita paka?"

"Ndivyo wanavyoitana huku, mama. Hata mwalimu mkuu."

"Basi huyo mwite hivyo hivyo, anafaa." Akarudi kwenye shati lake. "Na huko mnafanya nini?"

"Kwanza tunamwinamia mzee kwenye picha. Amekufa."

"Mnaabudu picha, Rashidi?"

"Hatuabudu. Tunainama tu."

Akafikiri. "Ukiinama soma Fatiha moyoni. Mungu ajue kichwa chako unamwinamishia nani, na huyo mzee wa watu naye apate chochote."

Basi nikawa namsomea Fatiha. Kila Ijumaa, paji la uso karibu na mkeka, wenzangu wa Kiswidi wanahesabu sekunde waanze kucheza, mimi namsomea marehemu wa Kijapani aliyedhulumiwa. Nilimsomea kwa moyo hasa. Tulikuwa na shida moja, mimi na yeye.

Siku ya kwanza Holger alinishangaza. Alisimama mbele yangu, mwanamume mrefu kama mlango, akaniinamia. Mimi! Nikajua ameshaingiwa na hofu. Nikajua anaomba radhi, na kesho atapanda ngazi hadi kwa mama. Kesho hakupanda. Ijumaa iliyofuata akaniinamia tena, akamwinamia na Annika mwenye kamasi, akamwinamia kila mtu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kule kuinama si kwa ajili yangu. Ni kama "habari za asubuhi", kila mtu anagawiwa.

Na nilikuja kuangusha, nikafundishwa kuanguka. Majira mazima ya baridi! Kuanguka nyuma, kuanguka ubavu, kubingirika juu ya bega. Kidevu kifuani, na mgongo unapogusa mkeka unaupiga kwa mkono wote, paa!, ili kishindo kiishie mkononi. Chumba kizima kililia paa, paa, kama watu wanapiga mazulia. Nikamwuliza Holger lini tutaangusha watu.

"Ukiogopa kuanguka unakakamaa," akasema. "Na aliyekakamaa naweza kumwangusha kwa kidole."

"Mimi siogopi."

"Najua. Wewe una hasira. Ni kitu kile kile, bega linakuwa juu."

Akanishusha bega kwa viganja viwili, taratibu, kama anaweka chungu. Hapo ndipo aliponichoma. Mle ndani alikuwa mtu mwingine. Annika akilia, Holger anapiga magoti mkekani kumfunga mkanda upya. Mtoto mnene ambaye hawezi kubingirika, Holger anabingirika naye mpaka anaweza. Kwa hiyo magoti anayo! Anajua kuyapiga! Ni kwa mama yangu tu ndiyo hayakukunjika. Angekuwa mbaya kote kote ningemchukia kawaida. Wema wake wa Ijumaa ulinifanya nimchukie maradufu.

Theluji ilipoanza kuwa tope, siku ikafika. Mwisho wa mazoezi Holger alisimama katikati akasema kila mmoja aje amtupe. Zamu yangu ikafika. Nikashika ukosi wake, nikashika mkono wa nguo, nikaingia chini yake kwa kiuno kama tulivyofundishwa, nikageuka. Akaruka juu yangu. Ule urefu wote ukapita angani, miguu ile ikapinduka, paa! Holger yuko chini. Wenzangu wanapiga makofi. Sikungoja kuvaa viatu sawasawa, nilikimbia hadi nyumbani kamba zinaburuta.

"Mama! Nimembwaga!"

Mama alikuwa na povu hadi kwenye viwiko. Akainuka, uso umefunguka. "Umembwaga? Yule?"

"Chini kabisa! Mgongo!"

"Akafanyaje?"

"Akacheka. Akasema vizuri sana."

Uso ukajifunga. Akainama tena kwenye bafu. "Aliyeangushwa hacheki, mwanangu. Huyo kajilaza."

Nikabisha, nikapiga miguu, lakini nilijua amesema kweli, maana Annika mwenye kamasi naye alikuwa amembwaga, na ndugu yake mdogo wa chekechea pia. Alikuwa anajirusha mwenyewe, kwa zamu, kama bembea. Hata anguko lake lilikuwa zawadi. Mtu huyu alimwangusha mama bila kuombwa, na mimi ananipa anguko la hisani! Nilikaa kwenye ngazi nikalia hadi kola ikalowa.

Njia akanipa yeye mwenyewe. Ijumaa moja alitufundisha kwamba kabla ya kumtupa mtu ni lazima kwanza umtoe kwenye mizani yake. Mtu aliyesimama sawasawa humwezi, hata uwe na nguvu za ng'ombe. "Mkimsukuma, atafanya nini?" Atasukuma. "Basi akisukuma, mvute. Anakotaka kwenda mpeleke huko huko, ila mpeleke mbali kidogo kuliko alivyopanga." Akamwita mtoto mnene, akamsukuma kidogo, mtoto akasukuma, Holger akampisha tu, mtoto akaanguka mwenyewe. Wote wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nafikiri: Holger anataka kwenda wapi?

Nikaanza kumchunguza. Ijumaa mchana anaweka nguo kwenye mashine kabla ya kuja kutufundisha. Muda wake unaisha mara tu baada ya mazoezi. Wenzetu wanapovaa viatu yeye ameshatoka, anapiga hatua ndefu, anafika akiwa na dakika za kusaza. Hajawahi kuchelewa. Dereva wa treni huyo. Na kuna kitu kimoja alichokipenda kuliko saa: kuzungumza habari za yule mzee wa kwenye picha. Katikati ya zoezi mtu akiuliza neno, macho yanamng'aa, anaanza, halafu anajikamata, "siku nyingine." Na mkekani hatuvai saa. Ya kwake aliiweka ndani ya kiatu chake cha kushoto, pembeni ya mlango.

Nikamwendea mama. Nilimkuta anasuuza.

"Mama, Ijumaa ijayo nachomeka kikufuli chetu baada ya cha Holger."

"Sishuki huko."

"Atachelewa kutoa nguo zake."

"Yule? Yule hachelewi."

"Atachelewa. Nimemwandalia swali."

Mama akazima bomba. Nilidhani atanikemea. Alijifuta mikono, ile mikono, kidole kwa kidole, na alipokuwa anajifuta nikaona kitu kinapanda usoni mwake ambacho sikuwa nimekiona tangu Tanga, siku alipomkalia kooni muuza samaki aliyempunja.

"Meza iko pale pale?" akauliza.

"Iko."

"Basi sitaiona."

Ijumaa hiyo sikumbuki nilichofanya mkekani. Mazoezi yakaisha, tukainama, wenzangu wakatawanyika. Holger akaelekea kwenye kiatu. Nikasimama kati yake na mlango.

"Holger, yule mzee aliuawa na nani?"

Akasimama. "Nani aliuawa?"

"Huyo wa kwenye picha."

"Hakuuawa, Rashid. Nani kakuambia? Nitakusimulia wiki ijayo, nina nguo kwenye mashine."

Alikuwa anasukuma. Nikampisha.

"Sawa," nikasema, nikaanza kuondoka. "Si muhimu sana. Alikuwa mtu wa mieleka tu."

Sikufika mlangoni.

"Wa mieleka tu?" Holger akarudi mkekani akaketi. Akapiga mkeka kwa kiganja, njoo hapa. Nikaketi, mgongo wangu kwenye viatu.

Akaanza. Akasema mzee yule alikuwa mvulana mdogo wa umbo, mtu wa vitabu, na shuleni wakubwa walimpiga. Nikasogea karibu, maana hapo sikuwa naigiza tena. Akasema zama zile kazi ya wapiganaji wa upanga ilikuwa imekwisha, panga zimepigwa marufuku, na walimu waliojua kupigana kwa mikono mitupu walikuwa wazee wanaoishi kwa kuunga watu mifupa. Kijana akawatafuta. Wakamfundisha kukaba, kuvunja viungo, kuua. Akajifunza vyote, halafu akachambua kama mtu anayechambua mchele. Vya kuua akavitenga. Vya kuangusha akavibakiza, na mbele ya vyote akaweka kuanguka. Akaanza kufundisha kwenye hekalu, wanafunzi wachache, mikeka ya majani. Akaiita judo, njia ya ulaini.

"Na wale waliompiga?" nikauliza.

"Wale wa shuleni?"

"Aliwafanya nini?"

"Sijui. Hakuna anayesema."

"Aliwatafuta?"

"Nadhani hakuhitaji tena."

Nikamkazia macho nione kama ananificha. "Na yeye amekufaje?"

"Aliugua melini, akiwa safarini kurudi kwao. Alikuwa mzee."

Jamani. Majira mazima ya baridi namsomea Fatiha ya aliyedhulumiwa, kumbe mzee wa watu kafa kwa maradhi, na waliompiga wamezeeka salama na wajukuu wao! Nilihisi nimeibiwa. Nikamwuliza kwa hasira kabisa, basi faida ya yote haya nini? Na hapo Holger akafurahi, akavuta miguu vizuri, akanieleza kwamba faida ndiyo hiyo: nguvu usiipoteze, itumie pale inapofaa tu, na wewe na mwenzako mkitoka mkekani kila mmoja awe amepata kitu. Unayemwangusha unamshika mkono wa nguo asiumie. Ukimwumiza kesho utafanya mazoezi na nani? Alieleza kwa mikono, kwa macho, akasimama kunionyesha, akaketi tena. Sijawahi kuona mtu mzima anamweleza mtoto kitu kwa heshima namna ile. Nami nilimsikiliza kila neno, wallahi, na nikaelewa, na huku nikimsikiliza nilikuwa nasikia pia kelele za maji kichwani mwangu, mashine inajaa, mama anabonyeza kitufe.

Alipofika kwenye kiatu na kuitazama saa, alitoka bila kufunga kamba. Nikamkimbilia nyuma.

Mama alikuwa amevaa baibui lake la Idi. Amekaa kwenye kiti katikati ya tvättstuga, mgongo wima. Nyuma yake mashine inazungusha kanga zetu. Mbele yake, sakafuni, karibu na tundu la maji machafu, lilikuwa lundo: mashuka ya Holger, mashati yake ya kazi, suruali zake za ndani, na juu kabisa nguo nyingine nyeupe ya judo, ya akiba. Meza ilikuwa tupu.

Holger akasimama mlangoni. Akatazama lundo. Akatazama saa ya ukutani. Akamtazama mama. Mimi nikashika ukuta, nangoja dunia ipasuke.

"Uko sahihi," akasema. Kwa sauti ya kawaida kabisa.

Akapiga magoti akaanza kuokota. Mama hakuelewa maneno, lakini magoti aliyaelewa. Akamwacha akusanye. Alipotaka kuinuka, mama akanyoosha mguu wake uliovaa ndara za dhahabu, akaonyesha soksi iliyokuwa imeingia chini ya kabati, akamwambia kwa Kiswahili safi cha Tanga:

"Na ile. Usituachie uchafu."

Holger akafuata kidole cha mguu, akaivuta soksi, akainama kidogo kwa kichwa, akaondoka na lundo lake kifuani.

Mama alipanda ngazi siku ile anaimba. Baba akauliza kuna nini, akaambiwa hakuna, kula. Kuanzia hapo alifua kwa mashine kama watu wote, na mikono yake ikapona, na akiwa kwenye zamu yake na Holger akapita, ni Holger aliyesalimia kwanza. Mama alikuwa amelipwa. Alikaa hivyo, amelipwa, hadi tulipomzika kule Upplands Väsby, mwanamke mzima mwenye wajukuu, na sikuwahi kumsikia akilitaja jambo lile tena.

Ila mimi nilikuwa bado. "Uko sahihi"! Hiyo si sauti ya aliyebwagwa. Yule mtu alitoa hesabu yake kwa kanuni kama anavyosimamisha treni kwenye kituo, akafungua milango, akafunga, akaendelea. Kwake nguo sakafuni hazikuwa tusi, zilikuwa ratiba. Niliwaza wiki nzima: kajilaza tena. Hata kwa mama kajilaza.

Ijumaa nikaenda kwa shingo upande. Mzee kwenye picha nikamnyima Fatiha. Holger alitufundisha kama kawaida, labda kimya zaidi. Alipotaka mtu wa kuonyeshea namna ya kubwaga, akaniita mimi.

Nikasimama mbele yake, akanishika ukosi. "Rashid," akasema, kwa sauti ya chini, wenzangu wasisikie. "Lile swali. Ulitaka kujua kweli?"

Ningeweza kusema ndiyo, na isingekuwa uongo. Nilimtazama usoni kwa raha zangu zote.

"Nilitaka uchelewe."

Sikuona alivyoingia. Niliona taa, nikaona madirisha yamepinduka, kisha mkeka ukanipiga kuanzia kisogo hadi visigino na pumzi yote ikanitoka. Mkono wangu wa nguo hakuwa ameushika. Aliuachia. Mtu aliyemshika mkono kila mtoto kwenye chumba kile tangu kufunguliwa, mimi aliniachia niende chini peke yangu. Annika akasema, "Oj," lo hiyo ya Kiswidi.

Nilipiga mkeka vizuri, ndiyo maana sikuvunjika. Nikalala pale sivuti hewa, machozi yananitoka yenyewe, naye amesimama juu yangu. Masharubu yanacheza. Rangi nyekundu ilikuwa imempanda kutoka kwenye ukosi hadi kwenye nywele, na mikono yake, ile mikono ya kuweka chungu, ilikuwa bado wazi. Alikuwa anaitazama mikono yake, si mimi. Njia ya ulaini, mzee wa vitabu, kila mmoja apate kitu, vyote vilikuwa vimemtoka pamoja na pumzi yangu, mbele ya watoto wote, na hakukuwa na saa ya ukutani ya kumwambia kwamba yuko sahihi.

Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Nimejenga nyumba, nimeoa, nimezaa, nimemlipa fundi wa Kiswidi mshahara kwa mkono wangu. Hapana. Pale mkekani, mgongo unawaka moto, nilijua kwamba safari hii hakujilaza.

Nikamnyooshea mkono aniinue, kama ilivyo desturi. Alikawia kuushika.